Gari Linachemka Kwenye Ambuteyaji ya Bukavu: Tafuta Upepo Kabla ya Kugusa Kulasi

Kama unasoma haya ukiwa kando ya barabara kwenye ambuteyaji (msongamano wa magari) na mvuke unatoka chini ya boneti, zima injini, fungua boneti, kisha rudi nyuma. Usiguse bushoni (kifuniko) ya radiatere (rejeta, inayopoza maji ya injini). Subiri dakika 45, hata kama abiria wanalalamika. Nimemwona kijana wa garaji, mwerevu kabisa, akifungua bushoni kwa kitambaa chembamba kwa sababu mteja alikuwa na haraka. Maji yalimrukia shingoni na kifuani, na makovu anayo hadi leo. Maji ya radiatere iliyofungwa yanakuwa na joto kuliko maji ya sufuria inayotokota, na ukilegeza tu ile bushoni yanageuka mvuke papo hapo.

Usimwagie injini maji baridi pia, wala usijaze radiatere maji baridi injini ikiwa bado inaunguza. Kulasi (silinda hedi, kichwa cha injini) ya aluminiamu haivumilii hilo. Hupinda au hupasuka, na gari lililohitaji kifaa cha bei ndogo linageuka kuwa gari la kufunguliwa injini.

Kama hakuna mvuke, mshale wa joto tu ndio umeanza kupanda, bado una nafasi. Zima kiyoyozi. Washa hita hadi mwisho na feni yake kwa nguvu zote, madirisha wazi. Utatoka jasho, lakini ile hita ni radiatere ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, nayo inachukua joto kutoka kwenye maji yaleyale. Gari likisimama, weka gia huru na ukanyage mafuta kidogo ili pampu ya maji izunguke haraka. Mshale usiposhuka ndani ya dakika moja au mbili, toka barabarani na uzime.

Sasa tuongee kuhusu sababu. Karibu kila wiki naletewa gari ambalo mwenyewe ameshaambiwa kulasi imekufa, na mara nyingi kulasi ni nzima.

Gari linachemka lini?

Hili ndilo swali la kwanza ninalouliza, kabla hata ya kufungua boneti. Gari linapokimbia, upepo wa safari unaingia wenyewe mbele na kupita kwenye radiatere. Likisimama, upepo wote unaletwa na feni peke yake. Kwa hiyo gari linalopanda joto kwenye ambuteyaji ya Avenue Lumumba, kisha mshale ukashuka wenyewe ukishika njia ya Kavumu na kuongeza mwendo, linakosa upepo: tafuta kwenye feni na mbele ya radiatere. Gari linalotulia likiwa limesimama lakini linachemka likikimbia au likipanda mlima limebeba shida ya maji: radiatere imeziba ndani, termostati (vali inayoyafungulia maji njia ya radiatere yakipata moto) haifunguki vizuri, pampu imechoka au maji yamepungua.

Vitabu vinaishia hapo, kwa sababu vimeandikwa kwa ajili ya miji tambarare. Bukavu yetu inachanganya mambo. Ukipanda Kadutu nyuma ya lori, gia ya kwanza, unatembea polepole na unapanda mlima kwa wakati mmoja. Injini inatoa joto la mlima huku radiatere ikipata upepo wa gari lililosimama. Shofere anasema "inachemka kwenye ambuteyaji", fundi anabadilisha feni, na kumbe mlima ndio uliokuwa unalichemsha. Au kinyume chake. Lazima uvitenganishe vitu hivi viwili, na kuvitenganisha hakugharimu kitu.

Asubuhi injini ikiwa baridi, hakikisha radiatere imejaa hadi shingoni. Weka gari mahali palipo sawa, washa, zima kiyoyozi, uliache lingurume dakika 20 au 25 bila kulikanyagia mafuta. Kaa hapo uangalie. Mshale ukipanda kupita mahali pake pa kawaida wakati gari halijabeba kitu wala halijapanda kokote, umeshapata jibu: ni upepo, au bushoni nitakayoieleza hapa chini. Mshale ukitulia, feni ikawaka na kuzima mara mbili tatu, basi upande wa feni ni mzima. Sasa chukua mlima mrefu usio na msongamano, alfajiri barabara ikiwa bado tupu, upande kwa mwendo wa kawaida. Likichemka hapo, ni maji.

Kuhusu mshale wenyewe: kwenye magari mengi umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda digrii kadhaa, ili dereva asihangaike. Ukiuona unatoka katikati, joto limeshapanda sana.

Feni ya umeme

Corolla, Carina na gari nyingi ndogo za mjini zina feni ya umeme. Kipimo cha haraka ni kuwasha kiyoyozi. Kwenye gari nyingi feni inatakiwa kuzunguka mara moja hata injini ikiwa haijapata moto. Isipozunguka, anza na fyuzi, halafu rele (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme). Mara nyingi rele ya honi ni ya aina ileile. Ukiona miguu na namba zake vinafanana, badilishana hizo mbili. Feni ikifufuka na honi ikanyamaza, nunua rele moja tu na umemaliza.

Bado haizunguki? Chomoa plagi ya feni, vuta nyaya mbili moja kwa moja kutoka kwenye batri hadi kwenye mota. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima na kosa liko kwenye waya, kwenye masi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi) iliyoota kutu, au kwenye swichi ya joto inayoiamuru feni iwake. Isipozunguka, igonge mota polepole kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka na kuanza kuzunguka, makaa yake ya ndani yamekwisha, na kesho haitashtuka tena. Angalia pia kasi. Mota iliyochoka huzunguka, kila mtu akasema "feni iko nafanya kazi", lakini upepo wake hauwezi hata kupeperusha nywele. Simama upande wa injini: unatakiwa kuusikia upepo wa moto ukikupiga.

Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, swichi ya joto imefungwa (inapitisha umeme) wakati wa baridi na hufunguka (inaukata) kwenye joto. Maana yake ukichomoa waya wake huku ufunguo ukiwa umewashwa, feni inapaswa kuanza yenyewe. Ikianza ukichomoa, lakini haianzi gari likipata moto, swichi ndiyo mbovu. Weka vidole mbali wakati wa kazi hii yote, maana feni nyingine huanza bila kukuaga, hata injini ikiwa imezimwa.

Wengi huepa usumbufu huu kwa kuvuta waya wa feni hadi kwenye swichi ya dashibodi. Ninaelewa kwa nini, na kwa kufika nyumbani inafaa. Lakini naiona imefanywa bila rele, bila fyuzi, kwa waya mwembamba wa redio. Feni inavuta umeme mwingi. Waya ule unapata moto hadi plastiki inayeyuka. Na shofere atasahau kuiwasha siku ileile anayoihitaji.

Jaribio la karatasi

Kuna taksi moja, Carina nyeupe, iliyonifundisha kitu ambacho sasa nafanya kwa kila gari. Mwenyewe ni mzee, dereva wa miaka mingi. Alifika akiwa amechoka sura.

"Fundi, wamebadilisha byote, na iko nachemka tu."

Byote kweli: termostati mpya, pampu mpya, radiatere imesafishwa. Walikuwa wamemwambia kilichobaki ni kulasi. Nikamuuliza lini inachemka. Akasema kutoka Place hadi Nyawera, hapa mjini, jioni haifiki bila kusimama, lakini akipata mteja wa kwenda Kavumu anakwenda na kurudi, mshale haugusi popote. Feni ilikuwa inazunguka, tena kwa nguvu.

"Papa, uko na karatasi?"

Akanyofoa ukurasa kwenye daftari la zamani lililokuwa juu ya dashibodi. Nikaushika mbele ya gari, kwenye grili, feni ikiwa inazunguka. Ukurasa ulipaswa kunyonywa na kubandikwa pale kama umegundishwa. Badala yake ulisukumwa nje, ukapeperuka hadi kwenye mfereji. Feni ilikuwa inazunguka kinyume. Mtu aliyeitoa ili kusafisha radiatere alirudisha nyaya mbili za mota kwa kuzigeuza, na mota ya namna hii ukiigeuzia nyaya inageuza mzunguko. Gari likikimbia, upepo wa safari ulikuwa unatosha na feni haikuhitajika. Likisimama, feni ilikuwa inachukua hewa ya moto kutoka kwenye injini na kuisukumia kwenye radiatere. Niligeuza nyaya mbili. Mzee alikaa kimya muda mrefu akitazama karatasi ya pili ilivyonasa kwenye grili.

Karatasi hiyo pia inaonyesha feni dhaifu: inanasa kidogo kisha inateleza. Na ukiihamisha pembe hadi pembe, inaonyesha kama kasha la plastiki linaloizunguka feni halipo. Kasha hilo huvunjika, mafundi wakalitupa wakisema ni urembo. Bila kasha, feni inavuta hewa kwenye duara lake tu, na pembe zote za radiatere zinakaa bila upepo.

Feni inayovutwa na injini

Land Cruiser na Hiace nyingi za dizeli hazina feni ya umeme. Yao inazungushwa na injini kupitia kitovu chenye mafuta ya silikoni. Zima injini ikiwa ya moto, kisha sukuma pangaboi kwa mkono. Ikizunguka huru, raundi tatu nne bila ukinzani, kitovu kimekufa. Michirizi ya mafuta inayotawanyika kutoka katikati inasema hivyohivyo. Angalia na mkanda kama umelegea.

Mbele ya radiatere

Inama utazame kati ya radiatere ya kiyoyozi na radiatere ya injini. Ukiwa mbele unaona ya kwanza tu, nayo inaweza kuwa safi. Uchafu unajificha katikati: vumbi la Juni hadi Agosti, kisha mvua za Septemba zinaligeuza tope, linakauka na kuwa kama ukuta wa nyumba ya udongo. Tanguliza maji upande wa injini kuelekea mbele, kwa mpira wa kawaida. Ile mashine ya presha ya waosha magari inalaza mapezi ya radiatere kama nyasi, na mapezi yaliyolala hayapitishi hewa.

Bushoni, na kwa nini maharage hayaivi upesi

Ningekuwa na ruhusa ya kubadilisha kitu kimoja tu kwenye kila gari la Bukavu, ningebadilisha bushoni ya radiatere.

Mji wetu uko kwenye kimo cha takriban mita 1,500. Kila mama anayepika anajua maharage huku yanachukua muda. Hewa ya juu ni nyepesi, na maji yanatokota kwenye digrii 95 hivi badala ya 100 za Dar es Salaam. Hiyo sufuria ya maharage na radiatere ni ndugu. Feni ya umeme kwenye gari nyingi huwaka maji yakifika kati ya digrii 93 na 98. Maana yake, kama maji hayajabanwa kwa shinikizo, huku kwetu yanaanza kutokota wakati uleule ambao feni inaamka. Haina muda wa kuokoa chochote.

Kinachozuia hilo ni springi iliyo ndani ya bushoni. Tazama juu yake: pameandikwa 0.9 au 1.1, au kwa kipimo kingine 88 au 108. Bushoni nzima ya 0.9 inabana maji hadi yasitokote kabla ya digrii 115 hivi, hata kwenye kimo chetu. Springi ikichoka, au mpira wake ukipasuka, unapoteza digrii 20 zote hizo. Dalili yake inachanganya watu: maji yanabubujika na kumwagika kwenye chupa ya akiba ilhali mshale haujafika nyekundu. Wanadhani mshale umeharibika. Mshale unasema kweli. Maji yametokota mapema.

Igeuze bushoni injini ikiwa baridi. Mpira uwe laini bila nyufa. Bonyeza springi kwa kidole gumba. Iwe na nguvu ya kukusukuma. Vuta ile vali ndogo ya katikati, irudi yenyewe. Vali hiyo ndiyo inayoruhusu maji ya chupa yarudi kwenye radiatere usiku. Asubuhi ukikuta chupa imejaa lakini radiatere imepungua, au mpira wa juu (bomba la juu la radiatere) umejikunja kama mshipa ulionyonywa, vali imeganda au kimpira cha kwenda chupani kimetoboka. Unaponunua mpya, nunua yenye namba ileile iliyoandikwa na watengenezaji. Kubwa zaidi inapasua mipira ya zamani.

Maji gani?

Maji ya ziwa Kivu yana madini mengi. Ukiyatia kila wiki, yanajenga gamba ndani ya vijia vya radiatere kama lile la birika la chai. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi ni bora kuliko ya ziwa, na msimu wa mvua hatuyakosi. Maji yaliyosafishwa ya batri yanafaa pia, lakini uliza vizuri: kuna wanaouza asidi ya batri kwa jina hilohilo.

Antijeli (dawa ya radiatere inayozuia maji kuganda) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ndiyo bora kuliko yote. Watu wananiambia, "Huku hakuna barafu, ya nini?" Inazuia kutu, inalinda pampu, na inapandisha digrii za kutokota kwa karibu 7 nyingine. Usifuate rangi yake tu, soma chupa.

Likichemka mlimani

Hapa napita haraka, kwa sababu kama yale majaribio mawili, la kusimama na la mlima, yamekuonyesha hivyo, unajua pa kwenda. Pitisha mkono, au kipimajoto cha mwanga mwekundu, kwenye uso wa radiatere ikiwa ya moto na feni imezimwa: sehemu zilizo baridi katikati ya moto zimeziba ndani. Termostati itie kwenye sufuria ya maji jikoni. Iliyoandikwa 82 lazima ianze kufunguka kabla maji hayajatokota. Maji yakichemka na bado imefunga, itupe. Pampu mbovu hudondosha maji kwenye tundu lake dogo, au ukiitikisa inacheza.

Tafadhali usiitoe termostati na kuacha tundu wazi. Ni desturi ya garaji nyingi hapa, na naipinga kabisa. Kwenye injini nyingi za Toyota termostati ina kisahani cha pili kinachofunga njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye radiatere hata kidogo. Unapanda Ngomo kutoka Kamanyola, injini inawaka moto, na radiatere iko vuguvugu.

Na kila ukimwaga maji na kujaza upya, toa hewa. Elekeza pua ya gari mlimani (mteremko wa kufanyia hivyo huutafuti mbali), hita wazi, bushoni nje, injini inguruma huku ukikamua mipira kwa mkono hadi mapovu yaishe na mpira wa chini upate moto.

Kulasi, mwisho kabisa

Jointi ya kulasi iliyoungua, ile ambayo wenzetu wa Tanzania huiita gasketi ya silinda hedi, ina dalili zake yenyewe. Maji yanapungua bila tone kuonekana chini. Mpira wa juu unakuwa mgumu kama jiwe dakika mbili tu baada ya kuwasha asubuhi, kabla joto halijafika. Mafuta ya injini yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Moshi mweupe haukomi hata injini ikiwa ya moto.

Jaza radiatere hadi shingoni injini ikiwa baridi, acha bushoni nje, washa, tazama maji. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda. Hapo ndipo unaruhusiwa kuongea na mtu wa kusaga kulasi. Fundi akikuambia kulasi imekufa bila kukuonyesha mapovu hayo, mwombe kwa heshima akuonyeshe.

Baada ya matengenezo yoyote, rudia majaribio yote mawili: dakika 25 za kusimama mahali pa sawa, kisha mlima wa alfajiri. Halafu ingia Avenue Lumumba saa kumi na moja jioni, kopo la maji likiwa nyuma ya kiti, na uangalie mshale hadi Nyawera.